Tabaka Lisilo na Jina

Ruwi, ghorofa ya tatu, saa tatu usiku.
Mfumo wa malipo umeanguka
na kumbukumbu ya hitilafu yaniambia tu:
Malipo$1.
Moja nani?

Ni lile tabaka nililolizaa ndani ya jingine,
mistari minne, halina jina.
Kibarua wa siku moja, nilisema,
cheti cha nini?
Kisha nikalinakili. Hapa. Na pale. Na kule.

Haya, toka nje. Wewe ni MkaguziRisiti.
Ukianguka tena, anguka na jina lako.

Mlango wagongwa: chai ya karak,
iliki ikitangulia.
Miaka minne ananiletea.
"Shukran," nasema, kama kawaida,
halafu, kikombe mkononi, namwuliza anaitwaje.

Anageuka kutazama nyuma yake
kuna nani.