Hodi ya Tatu

Saa nane ya usiku, Ilemela, chumba cha seva.
Feni zinakoroma, miguu yangu imo kwenye kandambili,
na chumba cha baridi namba tatu kinapanda nyuzi;
tani kumi na mbili za minofu ya sangara zimeanza kutoa jasho.
Anayeijua ile kompresa ni Bituro peke yake,
na Bituro yuko Ukara, kwenye matanga ya baba yake,
kompyuta magotini, mtandao pau mbili.

Meneja Luhende kapiga simu mara nne:
"Fungua tu yote, fundi, tutafunga Jumatatu."
Naijua hiyo Jumatatu.
Nimeikuta milango iliyoachwa wazi na walionitangulia
ikiingojea tangu mwaka juzi,
na nyayo za watu wasio na jina hadi sebuleni.

Basi najenga lango.
Uso mmoja unatazama nje, kwenye intaneti yote na wahuni wake,
uso wa pili unatazama ndani, kwa mashine zetu.
Natenga anwani ishirini za wageni, kama mikeka iliyokunjwa pembeni:
anayeingia anapewa wake, akitoka unakunjwa tena.
Nachimba handaki kwa hesabu, maneno yapite yamevurugwa,
hata mwizi akitega wavu katikati ya ziwa
avue gugumaji tupu.
Picha za msiba na salamu za rambirambi zipite njia yao ya kila siku;
handakini ipite kompresa, basi.
Na chini kabisa, mstari ambao sijawahi kuusahau:
kataa vyote vilivyobaki.

Hodi ni tatu. Kwetu Magu ndivyo tulivyolelewa,
bisha mara tatu, usipoitikiwa geuza miguu.
Nimeliandikia lango vivyo hivyo:
makosa matatu, komeo, nusu saa.

Bituro anabisha.
Linakataa.
Nakagua nywila, sawa. Cheti nilikisaini mwenyewe jioni,
ni kama wino haujakauka.
Anabisha tena.
Linakataa.
Ndani ya simu nasikia wanawake wakilia,
mtu anauliza sukari imewekwa wapi,
na Bituro, aliyezika saa kumi, ananiuliza taratibu,
"Nimekosea nini?"

Usibishe, namwambia. Imebaki moja.

Nasoma daftari la lango, mstari kwa mstari,
mpaka pale linaposema: cheti hiki hakijaanza kutumika.
Hakijaanza?
Nikacheka peke yangu kama chizi.
Umeme ulikatika saa moja, kibetri cha saa kilishakufa zamani,
na mlinzi wetu wa mamilioni aliamka
akiamini ni Januari, mwaka sabini wa karne iliyopita.
Kwake yeye Bituro hajazaliwa. Mimi sijazaliwa.
Kiwanda ni vichaka na mawe.
Na kule Ukara kuna kijana fulani, mzima, kifua wazi,
anaanika dagaa na hana habari na mtu.

Nikaweka vidole kwenye kibodi, nikavitoa.
Sijui niliacha dakika ngapi zipite hivyo,
nyuzi zikipanda, minofu ikitoa jasho,
mzee wa watu akiwa hai mahali pamoja tu duniani,
ndani ya boksi la bati lenye taa za kijani.

Kisha nikaandika mwaka.
Mwezi.
Siku ya maziko.

"Bisha sasa."

Kimya. Feni.
"Nimeingia," akasema, na nikamsikia akivuta kamasi.
Hasi tisa, hasi kumi na moja, hasi kumi na nne.
Hakuzungumza tena mpaka ilipofika hasi kumi na nane.

Asubuhi Luhende alitaka ripoti, nikachapa ukurasa mmoja.
Lango huhesabu saa kizungu, halijui saa nane yetu:
bituro.m, ameingia 02:47, ametoka 03:31,
hodi tatu, mbili zimekataliwa.
Nilitafuta safu ya kuandika pole.
Nikaiandika pembeni, kwa kalamu.