Nguo Inayochuja

Ilifika kwa treni, kwenye karatasi ya kaki.
Bwana Ebeling, balozi mdogo, akaishusha mwenyewe bandani,
yeye ambaye kwa miaka minne hakujua banda liko upande gani.
"Lubango, hii ifuliwe peke yake. Isibaki na mkunjo."

Ile ya zamani niliizoea: rangi tatu, kitambaa chepesi,
jua la Mwanza limeshailamba hadi ikashika adabu.
Hii ilikuwa nzito kama ngozi mbichi,
nyekundu, na katikati buibui mweusi aliyevunjwa miguu.
Nikaizamisha kwenye karai la maji ya ziwa.
Kabla ya sabuni, maji yalishakuwa damu ya kuku.

Nikaianika mbali, juu ya jiwe la nyuma ya nyumba,
pale pimbi wanapoota jua.
Pimbi wakaja, wakanusa,
wakahamia jiwe lingine.

Dobi ni msomaji wa mifuko.
Najua nani ana deni kwa Mhindi wa vitambaa,
nani anatafuna karafuu kuficha pombe.
Katika aproni ya Bi Edith nikakuta fomu, imekunjwa mara tatu.
Nilisoma shule ya Mjerumani kabla ya vita, herufi zao nazijua.
Jina la bibi mzaa mama. Dini yake. Mji alikozaliwa.
Hapo palikuwa patupu,
ila kitone cha wino, kama mtu aliyeweka kalamu akakosa pumzi.

Nikamuuliza Pazi, mpishi, Mzaramo, mtani wangu:
"Serikali inamtakia nini bibi wa mtu, naye keshakufa?"
Pazi akacheka. "Labda wanataka ubani."
Kwetu anayekuuliza jina la bibi yako
anatafuta pa kukutania,
anatafuta mlango wa kuingilia.
Sikujua kuna watu wanaulizia mlango
ili wakutolee nje.

Kinanda kikafungwa.
Wageni wa Jumamosi wakabadilika: wakaja wenye kahawa wa Bukoba,
na yule wa dhahabu, wa Geita, mwenye meno mabovu,
wakainua mikono barazani kama watoto wanaoomba kwenda chooni.
Bi Edith alikuwa chumbani. "Ana homa," Bwana akawaambia.
Homa gani? Shuka zake nilizifua mimi.
Hazikuwa na jasho. Foronya ndiyo iliyokuwa na chumvi.

Trudi, binti yao, miaka saba, Kisukuma chake kinanishinda mimi,
alikuja kunisaidia siku moja nilipokwenda kuchota maji.
Akatumbukiza gauni lake jeupe la kanisani
humo humo, pamoja na bendera.
Niliporudi alikuwa anasugua na kuimba,
mikono myekundu hadi kwenye viwiko.

Nikampelekea mama yake gauni, magoti yananitetemeka.
Akalitandaza dirishani. Lilikuwa na rangi ya ufizi wa mtoto.
Akacheka. Nilikuwa nimesahau sauti ile.
Kisha kicheko kikakatika, akasema,
"Liache hivyo hivyo, Lubango. Liache."

Ndilo alilovaa Trudi siku ya meli ya Kisumu.
Makasha mawili, kinanda hakikwenda.
Bwana akamwambia mkuu wa bandari: hali ya hewa, mke wangu haimfai.
Hakupunga mkono. Alisimama akitazama saa yake
kana kwamba meli ndiyo iliyochelewa.

Wiki iliyofuata nilisahau.
Ndivyo nilivyosema: nimesahau, Bwana, uzee huu.
Mashati yake sita meupe, karai moja, bendera moja.
Hakunifukuza. Kufukuza kungehitaji kueleza.

Mwezi mzima wa Oktoba, joto la kupasua mawe,
watu wa Mwanza walimwona balozi mdogo akipita sokoni
na koti zito, limefungwa vifungo vyote hadi shingoni.