Kabla ya Kumgusa

Kwanza simama. Ndivyo alivyotufunza muuguzi Remedios,
siku moja na nusu, darasani Colchani,
kwa mwanasesere asiye na miguu:
simama, tazama, usije ukawa wa pili kulala chini.

Basi nikasimama,
ingawa Wilber alikuwa akipiga mayowe,
ingawa moyo ulikwisha kunitangulia.
Nikalitazama lori. Injini inanguruma,
gurudumu la nyuma limezama kwenye tope lililo chini ya chumvi.
"Zima! Vuta breki! Tia jiwe!"
Jiwe halipo. Uwanda mzima huu, mwendo wa siku nne kwa miguu,
hauna jiwe.
Wakatia gunia la chumvi.

Ndipo nikapiga magoti.

Epifanio Yucra, miaka hamsini na minane,
kaanguka toka juu ya shehena, chali,
kofia yake imeviringika hadi kwenye vichuguu vyangu.
Vyangu. Hata hilo niliona, Mungu anisamehe,
maana miaka miwili hatujaamkiana
kwa ajili ya mstari mmoja wa vichuguu vya chumvi
anaosema ni wake.

Nikamgonga mabega yote mawili.
"Epifanio! Unanisikia? Fumbua macho!"
Kimya.
Wilber akataka kumkalisha, anywe maji.
"Maji baadaye. Shika kichwa hapohapo kilipo,
kama beseni lililojaa pomoni, lisimwagike."

Nikakiinua kidevu kwa vidole viwili, taratibu,
nikashusha sikio hadi mdomoni pake,
macho nimeyaacha kifuani.
Moja. Mbili.
Upepo ukapumua kabla yake, ukanidanganya.
Tatu. Huku juu hata mzima huitafuta pumzi.
Nne.
Tano. Chembe za chumvi kwenye masharubu yake
zikatikisika.
Sita, saba, zikatulia.
Nane. Tena.

"Anapumua," nikasema,
kwa sauti ya mtu anayedai deni.

Nikavaa glavu za mpira nilizotembea nazo mfukoni tangu Agosti.
Mkono chini ya kiuno, nikautoa, nikautazama: mweupe.
Chini ya mbavu: mweupe.
Chumvi haimfichii mtu damu.
Nyuma ya sikio la kushoto: wekundu, kidogo, unanata.
Tumbo laini. Nyonga imara.
Kifundo cha mguu wa kulia kimetazama upande usio wake.
Huo utangoja.

Yakabaki macho.
Lakini mchana ule mwanga ulikuwa ukipanda toka chini
kama ulivyoshuka toka juu,
kumfunua mtu jicho ni ukatili.
Nikamtilia kivuli kwa kofia yangu, nikainua ukope,
nikaondoa kofia.
Mboni ikajikunja kama kidole kilichogusa chungu cha moto.
Na la pili. Sawasawa.
(Zikipishana, alisema Remedios, usimngoje mtu.)

Wilber yuko juu ya kichwa cha lori, ndiko simu inakoshika.
Gari la wagonjwa litatoka Uyuni.
Nusu saa, wanasema, ikiwa njia haikulowa.
Nikamfunika shali.
Nikamsemesha, maana sikio halilali pamoja na mwenyewe,
na mimi nilikuwa na akiba ya miaka miwili:
mvua, bei ya gunia, harusi ya mwanangu Nilda
ambayo hakuja, na viazi vyake tulivyovila sisi.
Kila nikinyamaza, nilihesabu pumzi.

Akafumbua.
"Unaitwa nani?"
Akanitazama.
"Leo siku gani? Upo wapi?"
Midomo imepasuka, ulimi mzito, akautafuta mate.
"Kwani sisi," akasema,
"tumeanza lini kusemezana?"

Nikamwita Wilber: waambie fahamu imerudi.
Waambie saa sita na dakika ishirini.
Waambie anakumbuka.

"Na ule mstari," akaanza.
Nikakishika kichwa kwa mikono miwili.
"Usikitikise," nikamwambia. "Jibu kwa mdomo."