Shuka la Mia Nne

Deolinda anakunja shuka la mia nne tangu alfajiri.
Kona kwa kona, kisha kiganja kinapita juu
kama kinamfumba mtu macho.
Chumba cha kufulia, hospitalini, Porto: mvuke mtupu.

Hesabu zake zote ni za mashuka.
Kodi ya nyumba, elfu tisa. Gesi, mia saba.
Viatu vya Tomé, ambaye miguu yake
haijui mshahara wa mamaye, mia nne na kitu.
Kinachobaki hakifuniki hata kitanda cha mtoto.

Na karatasi iliyolowa mfukoni mwa aproni:
kozi ya kuchomelea vyuma, miezi tisa, jioni.
Mashuka elfu kumi na mbili na mia nane.

"Kwa miaka arobaini na sita?" Graciete alicheka.
"Hata sindano unatungiwa uzi na mwanao."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Ameinama miaka kumi na tisa,
na mvunguni anapajua: vumbi, na soksi moja.

Lakini Januari bomba la mvuke lilipasuka.
Fundi alimwazima barakoa yake, akamwambia tazama,
na vyuma viwili vikapatana
ndani ya cheche moja ya buluu.

Mashuka ya jana yamesharudi, na damu, na supu.
Bomba halijavuja tena.
Kila Jumatatu, kabla halijapata moto,
hupita akaligusa lile kovu.

Mapumziko, dakika kumi.
Anabonyeza tarakimu sita za namba ile,
anaangalia saa,
anabonyeza ya saba.