Kuyavalia Maji

Maji ukiyavulia nguo, wanasema, huna budi kuyaoga.
Mimi nayavalia.
Fulana mbili, suruali ya sufu, soksi mpaka magotini,
juu yake gunia jeusi lenye zipu ya shaba
kutoka bega hadi bega.
Hapa Shangani, saa saba mchana,
hata mbuzi wamehamia nyuma ya ukuta.

Barua ya kazi ilikuja na namba: nyuzi nne.
Nikamwuliza Chande wa barafu, nyuzi nne ndiyo nini?
Akanishika mkono, akauzamisha kwenye ndoo ya changu,
akahesabu ishirini.
"Sasa tia mwili mzima. Dakika arobaini."

Suti zilikuwa mbili, zote zimeshavaliwa,
zimebaki stoo baada ya wazamiaji wa gesi kuondoka Msimbati.
Moja ya mpira mnene, ina joto lake,
lakini ukishuka nayo chini hunywea
kama mkate uliokaliwa ndani ya basi.
Ya pili kitambaa chembamba, tabaka tatu,
haina joto hata la kumtosha nzi.
Inakuzuilia maji tu, kisha inakuuliza:
ndani umevaa nini?

Nilichukua hiyo inayouliza.

Sokoni, kwa Binti Nambunga, nilipekua marobota matatu.
"Sweta hili," akasema, "lina miaka miwili hapa,
limeshafukuza wateja kwa kulitazama tu."
Shingoni limeshonewa jina, herufi ndogo nyekundu,
na o iliyokatwa mkwaju katikati.
Shilingi elfu tatu.
Basi, ndugu sweta, tunakwenda kwenu.
Utanionyesha njia.

Mpira wa shingo una pete, moja juu ya nyingine,
unazikata mpaka shingo ipate nafasi yake,
na ukikata umekata.
Fundi Likwawa wa viraka, pale karibu na stendi,
alikataa kutumia mkasi wake wa matairi.
Alikwenda kuazima wa fundi cherehani.
Pete ya kwanza. Nikameza mate, hayakupita.
Ya pili. Nikataja jina langu, ikatoka sauti ya kuku.
Ya tatu.
"Somoe Mkwemba," nikasema, na aliyesema nilikuwa mimi.
"Tuishie hapo," akasema Likwawa, akajifuta jasho,
jasho langu mimi nikiwa nimelihifadhi ndani.

Mama aliuliza swali moja,
ambalo kitabu cha maelekezo kimelikwepa kurasa tisini:
"Na ukibanwa na mkojo?"
Nikamwambia, nepi.
Alicheka mpaka kanga ikamdondoka,
akaiokota, akaanza upya.

Nta ya mshumaa kwenye meno ya zipu.
Poda ya mtoto shingoni na mikononi.
Hewa huingilia kifuani, hutokea bega la kushoto;
ukiiacha ishukie miguuni itakubinua,
uondoke duniani visigino mbele.
Risasi kiunoni kilo kumi na mbili. Bado naelea. Kumi na nne.

Jumamosi Chande alinijazia tangi la kuoshea samaki,
mapande tisa, vibua wamesukumwa pembeni.
Nikaingia, nikakaa.
Wachuuzi wakaja kunitazama kama ng'onda wa bei mpya.
Dakika kumi: kimya.
Ishirini: meno yangu yametulia, mabega makavu, kifua kikavu,
nikaanza kujiona mtu wa huko.

Thelathini, uzi wa baridi kifundoni, mkono wa kushoto.

Nilijua kabla ya kuvua.
Hapo ndipo pana alama, bonde jembamba kama kucha,
mafuta ya ganda la korosho, nikiwa na miaka minane,
nikimsaidia Mama kubangua, vipande vya ada.
Maji yamesoma ngozi yangu, yakaona mlango.

Likwawa anasema kiraka.
Chande anasema nipande mpira vidole viwili juu ya kovu.
Mama haongei. Ameushika mkono,
anaupitisha kidole gumba, mara moja, mara mbili,
kama mtu anayetafuta tundu la pancha.

Ndege ni Alhamisi.
Kesho, Chande, mapande kumi.