Kitufe cha Pili

Bibi Alfhild, umeniomba nisikufiche kitu.
Basi mimina kahawa, nikueleze nilivyoliona
kwa tochi, kwa geji, kwa goti langu kwenye theluji ya ua wako.

Rangi ni kijivu cha ziwa linapoanza kuganda,
na imetunzwa; Torkel hakuwa mtu wa kuacha tope lilale.
Lakini kutu haina adabu, haibishi hodi.
Imepitia chini, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma,
chumvi ya barabara inapojificha tangu Novemba hadi Aprili.
Nimebonyeza kwa kidole.
Kidole kimezama.

Injini ni dizeli, silinda sita.
Leo asubuhi, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
ilikohoa mara moja tu,
kama mtu mzima anayejiheshimu kanisani, ikatulia.
Inakunywa. Sitakudanganya, inakunywa:
kwenda Åre na kurudi, pochi inaulizana na tangi nani amekauka zaidi.
Ila mlimani haiombi gia, haihemi,
na ndani husikii upepo, unasikia saa yako ya mkononi.

Donda lake ni springi za hewa.
Usiku hewa inavuja upande wa kushoto,
kukicha unalikuta limechuchumaa
kama mbwa aliyefukuzwa kwenye sofa.
Ukiliwasha linajiinua taratibu, kwa aibu.
Bei ya kulitibu nimeiandika nyuma ya karatasi.
Usiigeuze kabla hujamaliza kahawa.

Spika kumi na nne, moja imekufa.
Ngozi ya siti imepasuka pale alipokuwa akisugua funguo.
Kioo cha dashibodi kikishikwa na baridi hakisikii kidole,
nawe huwezi kuvua glovu kila ukitaka kujua kaskazini iko wapi.

Buti, hapo sasa!
Laza siti za nyuma upate uwanja:
mita mbili kasoro kidogo, sakafu tambarare, zulia nene.
Nimekuta nta kwenye reli. Alibeba mizinga ya nyuki humu, siyo?
Saba? Kwa safari moja?
Gari la thamani hii, na nyuki ndani!
Mlango wake unafunguka ukipitisha mguu chini ya bampa,
ufundi mzuri kwa mwenye mikono iliyojaa,
ila humfungukia hata paka wa jirani.
Nimemshuhudia. Amesimama akitazama, kama aliyeandaliwa karamu.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza;
hili lako litajiuza nusu, nusu litatembezwa.
Yule kijana Ruben wa Krokom atakupa elfu tisini,
atalalamika, atalipa.

Jambo la mwisho sikulitafuta.
Mlangoni kwa dereva pana vitufe viwili vya kukumbuka siti.
Cha kwanza kilinileta mbele, juu, magoti yakagusa usukani:
hicho ni chako.
Nikabonyeza cha pili.
Siti ikarudi nyuma, nyuma, ikashuka,
mgongo ukalala kidogo, vioo vya pembeni vikageuka,
na mbele yangu miguu mirefu isiyo yangu ikapewa nafasi.
Nilitoka haraka, nikaacha mlango wazi.

Unauliza hilo ni zuri au baya.
Fomu yangu ina safu mbili, mama, nami nimezijaza zote.
Kulifuta ni kazi ya sekunde tatu. Ruben atalifuta
bila kujua amefuta nini.

Umeinuka bila koti.
Dirishani nakuona umepanda, umefunga mlango,
kichwa chako kikisogea nyuma polepole, kikishuka,
hadi nywele nyeupe tu zinabaki juu ya usukani.

Hesabu ilinitaka nipime matumizi ya injini ikiwa imesimama.
Nimepuliza kahawa iliyokwisha poa.
Nje dizeli inaungua bure, dakika kumi, ishirini,
na kalamu nimeiweka mfukoni.