Ajenda ya Nne

Mwenyekiti alifungua kikao saa nne na robo.
Nimeandika hivyo, ndivyo fomu inavyotaka.
Sikuandika kwamba tulikalia rejeta za Scania,
na kwamba mtoto wa Kikoti alikuwa ameshika usukani usio na basi
akiuendesha hadi Makambako
kwa mdomo.

Mgeni alikuja na ramani ya rangi.
Palipo na vyuma, ramani ina bustani,
kituo cha mafuta, hoteli ya ghorofa mbili,
na watu wasio na sura wamebeba vikapu.
Akasema: hapa ni uchafu tu unaosubiri mwenyewe.
Mzee Ladislaus Mgongolwa, ambaye ndiye mwenyewe,
akakohoa.

Evaristo Kihwele, mhunzi, alisimama na jembe lake.
"Hili lilikuwa springi ya lori la mbolea.
Panga la mke wangu, springi.
Patasi iliyochonga hilo benchi ulilokalia, springi.
Mkizoa huu mlima wa vyuma, mimi nifue nini?
Ramani?"
Kicheko.
(Kicheko hakiandikwi.)

Yustina Kikoti alisema oili imenyweka kwenye udongo huu
tangu yeye hajavunja ungo.
"Imelala. Mkileta kijiko mtaiamsha,
na ikiamka itashuka mtoni,
na mto hauna njia nyingine, unapita kwenye nyanya zangu.
Mtazinunua kwa bei ya nyanya
au kwa bei ya dizeli?"
Utafiti umefanyika, akajibu mgeni.
Na nani?
Wataalamu. Walipita hapa mwezi wa tatu.
"Hata haya malori," akasema Yustina,
"yalikuwa yanapita."

Benitho Nyenza alitaka fidia ya viota.
Kuku wake kumi na saba hutagia ndani ya kabini za Fuso
na mmoja, mweusi, ndani ya tanki.
Tulibishana juu ya huyo mweusi karibu nusu saa.
Nimeandika: *fidia ilijadiliwa kwa kina.*

Ndipo Festo, kijana wa pale mashineni,
akasema asichotumwa na mtu.
"Mimi naitaka hiyo hoteli. Nataka taa.
Nimekanyaga mabati yenu mara tatu,
nimechomwa sindano tatu za pepopunda.
Nyinyi mnaona springi. Mimi naona kutu."
Shangazi zake wakatazama pembeni.
Nimemwandika naye,
kwa wino uleule.

Bi Rozalia Chengula hakunyoosha mkono.
Alikuwa kule nyuma, ameegemea mlango wa bluu
uliosimamishwa peke yake kwenye nyasi.
Juu yake bado pamesomeka MUNGU HACHELE,
mengine yalibaki bondeni
siku breki zilipomkatalia mumewe Kitonga.
Kila Pasaka huja na ndoo na kitambaa,
hufuta, hukausha, huondoka.
Mgeni akauliza: yule mama ana hoja?
Mwenyekiti akavua kofia.
"Ana mlango," akasema.

Fomu ina visanduku viwili:
waliokubali, waliokataa.
Sikupata cha kujaza.
Mvua ilianza, wala haikuwa kubwa,
lakini ilipogonga yale maboneti
kila gari liliitika kwa sauti yake,
Bedford kwa nzito, Datsun kwa ya bati jembamba,
na midomo ya mgeni ikawa inacheza tu
mbele ya ramani inayochuja rangi.
Hoteli iliteremka ikaingia bustanini.

Nikaandika: *kikao kimeahirishwa kwa sababu ya mvua.*
Katibu, sahihi.
Posho ya katibu, kutoka kwa mgeni, shilingi elfu kumi,
imepokelewa.

Iko hapa, ndani ya daftari, kwenye ukurasa huu.
Bado sijaigusa.
Mchele umekwisha tangu jana.